Kujenga Mzunguko wa Maji wa Kupoza Kompyuta katika Joto la Pwani

Mzunguko wa maji ndani ya kompyuta huchukua joto kutoka kwenye kipande kidogo cha silikoni na kulipeleka kwenye rejeta, mahali penye mapezi mengi ambayo feni zinaweza kuyapuliza taratibu bila kelele. Maji hayo hayawezi kupoa kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, hata ununue vifaa vya bei gani. Kwa sababu hiyo, mtu anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 31 au 32 mchana wa Februari, hawezi kuichukua kama ilivyo hesabu ya mwongozo ulioandikwa na mtu wa Ujerumani ambaye chumba chake kina nyuzi 20. Kipimo kitakachotuongoza tangu kununua hadi kurekebisha ni tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa ya chumba. Tofauti ya nyuzi 10 wakati wa kazi nzito ni nzuri sana, ya nyuzi 15 inakubalika, na ikizidi hapo kuna jambo la kutafutwa.

Ikiwa unataka kupoza prosesa peke yake, ushauri wangu ni kwamba ununue kipoza hewa kikubwa na uiweke akiba fedha itakayobaki. Prosesa za sasa za kompyuta za mezani hufunikwa kwa bamba la metali, na sehemu kubwa ya kikwazo cha joto iko kati ya silikoni na bamba hilo, yaani kabla joto halijafika kwenye maji. Kadi ya michoro ina hali tofauti kabisa, kwa kuwa chipu yake haina kifuniko, hutoa joto jingi zaidi, na feni zake ndogo ndizo chanzo kikuu cha kelele. Mzunguko usioihusisha kadi ya michoro unatumia gharama yote na kuacha faida iliyo kubwa kuliko zote.

Hatua ya kwanza: kukokotoa joto na kuchagua rejeta

Tuchukue kompyuta yenye prosesa ya Ryzen 9 7950X na kadi ya michoro ya RTX 4080. AMD, mtengenezaji wa prosesa hiyo, huitaja prosesa hiyo kuwa ya wati 170, lakini kikomo chake halisi cha umeme kwenye soketi ni wati 230, nayo kadi imepangiwa wati 320. Jumla ni wati 550 ambazo ni lazima zitoke kupitia rejeta. Kwa makadirio yanayotumiwa na wajenzi wengi, kila sehemu ya rejeta inayobeba feni moja ya milimita 120 huondoa takriban wati 100 kwa tofauti ya nyuzi 10 kati ya maji na hewa, feni zikizunguka kwa mwendo wa wastani wa mizunguko 1,000 hadi 1,300 kwa dakika. Wati 550 zinadai sehemu tano na nusu, kwa hiyo rejeta mbili za milimita 360, zenye feni sita kwa jumla, zinatosha na kuacha nafasi kidogo. Katika chumba cha nyuzi 32, maji yatakuwa na nyuzi 42 hivi, jambo ambalo ni salama kabisa kwa pampu na mipira ya kupitishia maji.

Unene wa rejeta hauna uzito ambao wauzaji huupa. Rejeta ya milimita 30 yenye mapezi yaliyoachana kiasi hufanya kazi vizuri kwa feni zinazozunguka polepole, ilhali ile ya milimita 60 yenye mapezi yaliyosongamana hudai feni kali ili hewa ipenye. Ukiwa na nafasi ya kuongeza eneo la feni, ongeza eneo hilo kwanza, kisha ndipo ufikirie unene. Wasomaji wa Nairobi wazingatie pia kwamba jiji lao liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo feni ile ile hubeba joto pungufu. Ubaridi wa hali ya hewa yao hufidia hasara hiyo, lakini si busara kupunguza rejeta kwa kutegemea ubaridi peke yake.

Hatua ya pili: metali, pampu, mipira na maji

Kanuni isiyo na msamaha katika kazi hii ni kutochanganya alumini na shaba. Metali hizo mbili zikiguswa na maji yale yale hutengeneza betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa, ikiacha unga na matobo. Bloku nzuri za maji, yaani vipande vinavyokaa juu ya chipu na kupitisha maji ndani yake, hutengenezwa kwa shaba nyekundu, mara nyingi ikiwa imepakwa nikeli, na fitingi, yaani viungio vya mipira, hutengenezwa kwa shaba njano, kwa hiyo rejeta nayo lazima iwe ya shaba. Rejeta nyingi za bei ya chini sana zinazouzwa mtandaoni ni za alumini, na sumaku haitakusaidia kuzitambua, kwa sababu haivuti alumini wala shaba. Soma maelezo ya mtengenezaji, na yasipotaja metali ya mifereji ya ndani, usinunue.

Pampu inayoaminika zaidi katika uwanja huu ni ya aina ya D5, iliyobuniwa na kampuni ya Laing, ambayo sasa iko chini ya Xylem, ambayo huuzwa ndani ya majumba ya chapa mbalimbali. Ikiwa wazi bila kizuizi husukuma hadi lita 1,500 kwa saa na hupandisha maji karibu mita 4, ingawa ndani ya mzunguko halisi wenye bloku na rejeta mtiririko hushuka sana. Pampu hii inaweza kuvuta wati 23, ilhali tundu la kawaida la feni kwenye ubao mama hutoa wati 12 tu, hivyo umeme wake lazima utoke moja kwa moja kwenye pawa saplai. Waya wa PWM, yaani wa kuamuru mwendo, na ule wa kusomea mwendo ndio pekee unaokwenda kwenye ubao mama. Maji yanayopita ndani yake ndiyo mafuta yake ya kulainishia, kwa hiyo kuiendesha ikiwa kavu, hata kwa muda mfupi, kunaiharibu.

Kuhusu mipira, ninapendekeza ile nyeusi ya EPDM, aina ya raba ya viwandani, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 10 na cha nje cha milimita 16. Mipira laini inayoonyesha ndani inapendeza macho, lakini mingi huachia taratibu vilainishi vya plastiki ambavyo huenda kujibandika kwenye mifereji membamba ya bloku, na maji yenye joto huharakisha jambo hilo. Mabomba magumu ya plastiki ya PETG huanza kulegea maji yanapokaribia nyuzi 60, nami sioni sababu ya mtu wa pwani kuyachagua.

Maji yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na mvuke huo ukarudishwa kuwa maji, kisha yatiwe dawa ya kuzuia kutu na ya kuua mwani iliyotengenezwa kwa ajili ya mizunguko ya kompyuta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na chokaa, na hayafai hata kwa majaribio. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri yanaweza kufaa ikiwa lebo inasema wazi kuwa ni maji matupu yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini. Isome kwa makini, kwa maana kwenye rafu hizo hizo huwekwa chupa za asidi ya betri. Achana na vimiminika vizito vyenye rangi kama ya maziwa, kwa sababu chembe zake hutuama na kuziba bloku. Ukinunua kimiminika kilichokwisha kuchanganywa, kiweke mbali na watoto na wanyama, kwani baadhi yake kina glaikoli ya ethilini, ambayo ni sumu yenye ladha tamu.

Wapo wanaohofia kwamba unyevu wa hewa ya pwani utaganda kuwa matone juu ya mipira na kuunguza kompyuta. Hofu hiyo haina msingi katika mzunguko wa namna hii, kwa kuwa matone hutokea pale kitu kinapokuwa baridi kuliko hewa, na maji haya daima huwa na joto kuliko hewa ya chumba.

Hatua ya tatu: kupanga njia kabla ya kukata kitu

Weka vifaa vyote ndani ya kasha bila kuvifunga, kisha fuata njia ya maji kwa kidole. Sharti moja tu la mpangilio haliepukiki, nalo ni kwamba tangi likae juu ya pampu na kuilisha moja kwa moja, ili pampu isikose maji wakati wowote. Zaidi ya hapo, mpangilio wa vifaa hauna athari kubwa. Kwa mtiririko wa lita 3 kwa dakika, wati 550 huyapandisha maji nyuzi 2.6 tu kutoka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko mzima, kwa hiyo hakuna haja ya kulazimisha rejeta kati ya prosesa na kadi. Chagua njia fupi yenye mikunjo michache. Angalia tu alama za kiingilio na kitokeo kwenye pampu na kwenye bloku ya prosesa. Rejeta nyingi hazina upande maalumu.

Amua sasa hewa itaingia wapi. Rejeta inayopokea hewa ya chumba hufanya kazi vizuri kuliko inayopokea hewa iliyokwisha kupashwa moto ndani ya kasha. Rejeta ya mbele ikiingiza hewa na ya juu ikaitoa, hiyo ya juu itapokea hewa moto. Kasha likiruhusu, mimi huzipendelea zote mbili ziingize hewa na kuiachia itoke kwa feni ya nyuma na matundu yaliyobaki, ingawa vichujio vya vumbi vitahitaji kusafishwa mara nyingi zaidi. Panga pia koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa, na kihisi joto chenye uzi wa G1/4, kipimo cha kawaida cha fitingi za kompyuta, mahali popote ambapo maji yanapita. Koki na kihisi hicho ni vya bei ndogo, na asiyeviweka hujuta siku ya kwanza ya matengenezo.

Hatua ya nne: kuosha rejeta

Rejeta mpya huwa na mabaki ya dawa ya kulehemu na vipande vidogo vya metali. Jaza nusu yake maji ya moto, ziba matundu kwa vifuniko vyake, itikise kwa nguvu kwa dakika kadhaa, kisha mwaga maji kwenye chombo cheupe na uangalie kilichotoka. Rudia hadi maji yatoke safi kabisa, jambo linaloweza kuhitaji marudio mengi, na umalizie kwa maji yaliyokenekwa ili chumvi ya maji ya bomba isibaki ndani. Uchafu ulioruka hatua hii utakwama kwenye bloku.

Hatua ya tano: kufunga bloku za maji

Bloku ya kadi ya michoro lazima ilingane na ubao wa kadi yako hasa, kwa kuwa watengenezaji mbalimbali huitumia chipu ile ile kwenye bao zenye mpangilio tofauti. Linganisha jina kamili la kadi na orodha ya mtengenezaji wa bloku kabla ya kulipa, na ujue masharti ya dhamana ya kadi kabla ya kuifungua. Kadi ikiwa na uvuguvugu, kipoza chake cha asili hung'oka kwa urahisi. Kiinue polepole, kwa sababu waya za feni bado zimeungwa. Futa pesti ya zamani ya kupitishia joto, kisha bandika pedi za joto zenye unene ule ule uliotajwa kwenye kijitabu, kila mahali palipotajwa. Pedi nene kuliko inavyotakiwa huinua bloku isiiguse chipu sawasawa, na nyembamba mno huacha chipu za kumbukumbu bila kupozwa. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, ukihama kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili.

Bloku ya prosesa ni rahisi zaidi. Paka pesti ya kutosha kufunika bamba lote kwa utando mwembamba, na ukaze kwa mtindo ule ule wa msalaba hadi skrubu zigote.

Hatua ya sita: mipira na fitingi

Kata mpira kwa kisu kikali ili ncha iwe imenyooka, kwa kuwa ncha iliyopinda ndiyo chanzo cha uvujaji mwingi. Ichovye kwenye maji ya moto ilainike, isukume hadi igote kwenye shina la fitingi, kisha kaza kola kwa mkono. Fitingi yenyewe nayo hukazwa kwa mkono, kwa kuwa kinachozuia maji ni oringi, yaani pete ya mpira, wala si nguvu ya koleo, na uzi wa plastiki ya akriliki hupasuka ukizidishiwa. Hakikisha kila oringi imekaa kwenye mfereji wake na haikukunjika.

Hatua ya saba: kupima kwa hewa

Kabla tone la maji halijaingia, unganisha pampu ndogo ya mkono yenye geji kwenye tundu la kujazia na uongeze hewa hadi PSI 6 au 7, yaani karibu nusu ya presha ya kawaida ya angahewa, mradi usivuke kikomo cha watengenezaji wa vifaa vyako. Kompresa ya kujazia matairi isikaribie hapa. Geji ikisimama bila kushuka kwa nusu saa, mzunguko umefungwa vizuri. Ikishuka, sikiliza na kagua fitingi moja baada ya nyingine. Nawashauri wote wasiruke kipimo hiki, kwa maana hewa ikivuja hakuna kinachoharibika, ilhali maji yakivuja juu ya kadi ya bei kubwa hasara ni ya papo hapo. Na usiamini maandishi yanayodai kwamba kimiminika fulani hakipitishi umeme. Hata maji yaliyokenekwa huanza kuupitisha yakishakaa kwa muda yakigusana na metali na vumbi.

Hatua ya nane: kujaza

Pampu pekee ndiyo iwake wakati huu. Chomoa pawa saplai ukutani, ondoa waya zake zote kwenye ubao mama, prosesa na kadi, uache ule wa pampu tu, kisha chomeka kwenye plagi yake kubwa ya pini 24 kiunganishi maalumu cha kuiwashia bila ubao mama. Tandaza karatasi za kufutia chini ya kila fitingi. Jaza tangi, rudisha umeme, washa pampu kwa sekunde chache, na uizime kabla tangi halijakauka. Jaza tena na urudie hadi kiwango kisishuke. Baada ya hapo iache pampu izunguke huku ukiliinamisha kasha taratibu huku na huku, ili mapovu yaliyojificha kwenye pembe za rejeta yapande hadi kwenye tangi. Iache izunguke kwa saa 24 kabla ya kuunganisha vifaa vingine, ukikagua karatasi mara kwa mara.

Hatua ya tisa: kupima na kurekebisha

Hapa ndipo wengi huharakisha, na ndipo mzunguko mzuri hutofautishwa na wa kawaida. Lita moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,190 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo joto la maji hupanda polepole, ilhali la prosesa huruka ndani ya sekunde moja. Feni zikifuata joto la prosesa zitapanda na kushuka kila unapofungua programu, bila faida yoyote. Zifungamanishe na joto la maji. Bao mama nyingi zina tundu la pini mbili kwa ajili ya kihisi. Kidhibiti kama Octo ya Aqua Computer, chenye njia 8 za feni na nafasi 4 za vihisi, huenda mbali zaidi kwa kukuwezesha kupima hewa na maji pamoja na kuziendesha feni kwa tofauti kati yake. Kwa pwani, njia hii ya tofauti ndiyo bora, kwa sababu chumba cha nyuzi 25 usiku na 32 mchana kitazifanya feni zinazofuata joto la maji peke yake zipige kelele mchana kutwa bila sababu. Anza na mizunguko 600 kwa dakika tofauti ikiwa nyuzi 5, mizunguko 1,000 ikiwa nyuzi 10, na mwendo wa juu ikifika nyuzi 18. Weka pia kinga ya kuzima kompyuta maji yakifika nyuzi 55.

Kisha ipe kompyuta kazi nzito ya prosesa na kadi kwa pamoja kwa muda wa angalau nusu saa, hadi joto la maji likome kupanda, huku ukisoma vipimo kwa programu ya HWiNFO. Andika namba nne: joto la hewa inayoingia kwenye rejeta, la maji, la kadi na la prosesa. Tofauti kati ya hewa na maji ikiwa kubwa, tatizo liko kwenye rejeta, feni au njia ya hewa. Fungua mlango wa mbele wa kasha, na tofauti ikishuka kwa nyuzi kadhaa, mlango au kichujio ndicho kinachoibana hewa. Maji yakiwa sawa lakini kadi ikapita nyuzi 20 juu yake, rudi kwenye bloku, ukague pesti, pedi na mkazo wa skrubu. Vyote viwili vikiwa vibaya kwa pamoja, tazama mtiririko. Kati ya lita 150 na 240 kwa saa panatosha, na kuisukuma pampu kupita hapo huongeza kelele na mtetemo kwa faida isiyofika nyuzi moja au mbili.

Prosesa ya mfano wetu imeundwa na AMD ijiruhusu kufika nyuzi 95 inapofanya kazi nzito, na inaweza kuzifikia hata maji yakiwa na nyuzi 40. Usiongeze rejeta kwa ajili hiyo. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, na uchague hali ya Eco ya wati 105, ambayo hushusha kikomo cha soketi hadi wati 142. Wati 88 zilizoondolewa ni karibu sehemu nzima ya rejeta, na kupungua kwa kasi katika kazi nyingi ni kudogo kuliko kupungua kwa joto. Hatua hiyo haigharimu hata shilingi, nami ningeifanya kabla ya kununua feni ya saba.

Matunzo

Pulizia rejeta kila baada ya miezi michache, feni zikiwa zimezuiwa zisizunguke, na umwage na kubadilisha maji kwa muda uliotajwa na mtengenezaji wa dawa, ambao kwa kawaida hauzidi miaka miwili. Mimi huona mwaka mmoja unafaa kwa joto la pwani. Linganisha namba zako nne na zile za siku ya kwanza. Tofauti kati ya maji na kadi ikipanda taratibu pamoja na mtiririko kushuka, bloku imeziba. Ifungue na uisugue kwa mswaki laini na maji yaliyokenekwa. Spiriti na pombe nyingine zisiguse kifuniko cha akriliki, kwa sababu huleta nyufa nyembamba zinazoanza kuvuja wiki kadhaa baada ya bloku kurudishwa mahali pake.